Ayalandi ya miaka ya 1820: kwa nini maskini walimwandikia barua mwakilishi wa mfalme badala ya kumalizana na mwenye shamba?

#1 KalamuButu
Wakuu salaam.

Nimekuwa nikipitia orodha ya majalada ya ofisi ya Katibu Mkuu wa Kasri la Dublin, makao ya mwakilishi wa mfalme na serikali yake, yale ya kuanzia 1818, ambayo Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi imeiweka mtandaoni. Nilitegemea kukuta habari za wapelelezi na maasi. Zipo. Ila kinachojaa humo ni barua za watu wadogo. Mjane anamwombea mwanawe kazi. Askari aliyepigana vita vya Napoleon anadai pensheni yake. Mke wa mfungwa anaomba asafirishwe hadi Australia amfuate mumewe. Wapangaji wanamlalamikia mkusanya zaka aliyewakamatia ng'ombe.

Sasa ninachojiuliza ni hiki. Serikali ile haikuwa yao. Bunge la Dublin lilifutwa na Sheria ya Muungano, na tangu Januari 1, 1801 sheria zao zikawa zinatungwa London. Mkatoliki hakuruhusiwa kukaa bungeni hadi 1829, na wananchi wengi walikuwa Wakatoliki. Juu ya hayo walitoa zaka kwa kanisa la Kiprotestanti ambalo hawakusali humo. Mtu wa namna hiyo unampigia magoti ya nini?

Mimi nasema waliamini kwa dhati kwamba mkubwa aliye juu hajui wanachofanya wadogo zake huku chini, na akijua atarekebisha. Nipingeni kwa hoja.

#2 Ngalawa77
Nimekaa mbele kabisa. Endeleeni.

#3 Chumvi_Kidogo
Mkuu mbona jibu liko wazi, njaa. Viazi vilioza, watu wakafa kama milioni moja. Mwenye njaa hachagui wa kumwomba.

#4 Mama Maktaba
#3 umeruka miaka. Njaa Kuu ilianza 1845, na barua anazozungumzia mwenye uzi ni za kuanzia 1818.

Ila njaa ndogo zilikuwepo, tena za kutosha. Mlima Tambora ulilipuka 1815, mwaka uliofuata Ulaya haikuona kiangazi, mavuno yakaharibika, na 1817 Ayalandi ikawa na njaa pamoja na homa ya chawa iliyoendelea hadi 1819. Ikaja ya 1822: mvua za mwishoni mwa 1821 ziliozesha viazi, na upande wa magharibi, Clare, Galway na Mayo, watu wakala hadi mbegu. Serikali ikatuma wahandisi. Alexander Nimmo ndiye aliyepewa magharibi, ajenge barabara na magati ili wenye njaa walipwe ujira. Ndipo utakuta barua za kuomba barabara ipite kwao. Ukisoma haraka utadhani ni watu wanaopenda maendeleo, kumbe wanatafuta chakula cha wiki ijayo.

Na hapa ndipo ninapompinga mwenye uzi. Uingereza maskini alikuwa na parokia yake ya kuidai msaada kisheria. Ayalandi haikuwa na sheria ya maskini mpaka 1838. Hapakuwa na ofisi yoyote iliyolazimika kukusikiliza. Waliandika Dublin kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda, imani unawapakazia wewe.

#5 KalamuButu
Asante Mama Maktaba. Lakini mahakimu walikuwepo kila kaunti. Kwa nini barua iruke hakimu wa jirani iende maili 100?

#6 Mjukuu wa Tarishi
Kwa sababu hakimu wa jirani ndiye mwenye shamba! Au shemeji yake, au wakala wake anayekusanya kodi. Lile baraza la wakubwa wa kaunti lililopanga barabara na kutoza kodi ya kaunti walikaa haohao. Ukishtaki pale umejishtaki.

Lakini na Dublin msidhani walikuwa wanapona. Angalieni njia ya barua. Inafika Kasrini, inasajiliwa na kupewa namba, inakunjwa, na mgongoni karani anaandika muhtasari: nani, wapi, anataka nini, tarehe. Kisha katibu anaipeleka kwa nani aitolee maelezo? Kwa hakimu wa eneo hilohilo, au mkuu wa polisi, au mchungaji. Hakimu anajibu kwamba mlalamikaji ni mtu wa fujo na habari zake si za kweli. Jalada linafungwa.

Naijua hii. Marehemu babu alikuwa tarishi, na mimi kijijini ndiye niliyekuwa naandikia watu barua kwa kuwa nilifika kidato cha nne. Mzee mmoja alikuja nimwandikie ya kumlalamikia mtendaji kuhusu mpaka wa shamba. Nikaanza vizuri, anuani kulia, YAH: MALALAMIKO, mstari chini yake, kila kitu. Ikaenda wilayani. Ikarudi na mhuri na maneno matatu ya kalamu nyekundu kwenye kona: "Mtendaji, shughulikia tafadhali." Yaani mtendaji ndiye aliyemwita mzee ofisini kumsomea barua yake mwenyewe. Kesi ya ngedere kapelekewa nyani.

#7 Chumvi_Kidogo
😂😂 Kumbe "k.k. (kupitia kwa) Mtendaji" ina ukoo hadi Dublin.

#8 Binti Pangani
#6 umesimulia vizuri ila umefunga jalada mapema. Kuna kundi moja la barua ambalo lilikuwa na faida ya kweli: za wafungwa. Kuna mkusanyo mzima wa maombi yao wa 1788 hadi 1836. Mwakilishi wa mfalme alikuwa na uwezo wa kusamehe au kupunguza adhabu, kwa hiyo barua haikuwa ya kubahatisha, ilikuwa inakwenda kwa mwenye mamlaka. Yeye alimwandikia jaji aliyesikiliza kesi atoe maoni. Jaji akiandika "sheria ifuate mkondo wake", basi, mtu ananyongwa au anapandishwa meli. Akiandika kuna shaka, hukumu ya kifo inageuka kuwa uhamisho wa Australia, na uhamisho unaweza kugeuka kifungo cha jela hukohuko Ayalandi.

Mkumbuke adhabu zenyewe. Sheria ya Maasi ya 1822: kwenye kaunti iliyotangazwa kuwa na fujo, ukikutwa nje ya nyumba yako kati ya kuchwa na kucha jua bila sababu inayokubalika, unaweza kupelekwa Australia miaka 7. Miaka 7 kwa kutembea usiku! Mama yake hata asiposadiki chochote kuhusu serikali, ataandika. Mimi ningeandika.

Na wake wa waliopelekwa waliandika pia. Mfungwa akiwa na tabia njema kule New South Wales aliweza kuombewa familia yake ipelekwe kwa gharama ya serikali. Fikirieni barua ya mwanamke anayeiomba serikali iliyomnyang'anya mume impe nauli ya kumfuata.

#9 KalamuButu
Binti Pangani hapo umenipa nguvu. Wangeandika kwa miaka 40 kama hakuna aliyewahi kusaidiwa?

#10 Mama Maktaba
Watu hucheza bahati nasibu kwa zaidi ya miaka 40.

#11 Mwalimu Mstaafu
Nimesoma posti zote, naona wote mnajadili moyo wa mwombaji kana kwamba barua ameiandika yeye. Sensa ya 1841 ilikuta asilimia 53 ya wenye umri wa miaka 5 na kuendelea hawajui kusoma wala kuandika. Magharibi na kusini wengi walizungumza Kiayalandi, na lugha ya Kasri ilikuwa Kiingereza. Kwa hiyo katikati alikaa mtu. Mara nyingi ni mwalimu wa zile shule za vichochoroni ambazo wazazi walilipia wenyewe, wakati mwingine padri, wakati mwingine karani wa wakala.

Mtu huyo alikuwa na kielelezo chake kichwani. Inafunguliwa kwa cheo kizima cha mtukufu, inafuata "ombi la unyenyekevu la fulani laonyesha kwa heshima", kila aya inaanza na "kwamba": kwamba mwombaji wako ana wazazi wazee, kwamba ana watoto wadogo, kwamba hajawahi kushtakiwa. Mwisho: "na mwombaji wako ataomba dua daima". Chini wanatia sahihi watu wa heshima kuthibitisha tabia yake, na ukiweza kuwapata padri na mchungaji wa Kiprotestanti kwenye karatasi moja umepata dhahabu.

Kwa hiyo KalamuButu ile imani unayoiona ndani ya barua ni ya kielelezo. Mwalimu alilipwa kidogo, akaweka unyenyekevu wa kawaida, kazi ikaisha. Hatuwezi kupima moyo wa mkulima kwa maneno ya fundi.

#12 Mjukuu wa Tarishi
Mwalimu shikamoo. Kama aliyekuwa fundi mwenyewe nakupinga. Mzee alikaa pembeni yangu akinikatiza kila sentensi: "Hapo ongeza kwamba mti ulipandwa na baba yangu." Unyenyekevu ulikuwa wangu, ule mti ulikuwa wake. Kwenye hizo za Dublin tafuteni miti.

#13 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Hoja nimeipokea, sijaikubali.

#14 Ngalawa77
Swali la kijinga: stempu nani alilipa?

#15 Mama Maktaba
Si la kijinga. Kabla ya mageuzi ya 1840 kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipia barua. Stempu hazikuwepo. Na wakubwa wa serikali walikuwa na msamaha wa posta, usidhani Robert Peel, Katibu Mkuu hadi 1818, alikuwa anatoa sarafu mfukoni kila asubuhi.

#16 Ngalawa77
Basi uzi umeisha. Waliandika kwa sababu ilikuwa bure 😂

#17 KalamuButu
Kwa ajili ya #12, huu hapa mti. Ni wa 1837, umechelewa kidogo lakini siuachi. Mwalimu wa shule ya taifa, Patrick McKye, aliandika ombi kwa mwakilishi wa mfalme kuhusu parokia ya West Tullaghobegley huko Gweedore, kaunti ya Donegal. Baada ya heshima za kawaida akaacha kulia akaanza kuhesabu. Watu kama 4,000, na kati yao wote: mkokoteni 1. Jembe la kukokotwa 1. Matandiko ya farasi 8. Sepeto 20. Reki 32. Uma za mezani 7. Viti 93, vigoda 243. Bata bukini 27, bata mzinga 3. Nguruwe hakuna. Vitanda vya manyoya 2. Saa za mfukoni 3, saa ya ukutani hakuna. Vinara vya shaba 8. Mti wa matunda hakuna. Padri 1, na zaidi ya huyo hakuna bwana mkubwa mwingine anayeishi pale.

Mwalimu Mstaafu, hiki nacho ni kielelezo cha fundi?

#18 Chumvi_Kidogo
Naomba kujua aliyepita nyumba kwa nyumba kuhesabu uma. "Hodi, nimetumwa na mwalimu, mna uma?" Na wale 7 wakajibu ndiyo kwa kujidai.

#19 Binti Pangani
Mimi nimekwama kwenye viti. Watu 4,000, viti 93 na vigoda 243, maana yake jioni karibu parokia nzima imekaa chini. Halafu anasema zaidi ya nusu ya wanaume na wanawake hawana viatu. Donegal, na baridi ile.

#20 Mjukuu wa Tarishi
Nampenda McKye lakini tusisahau orodha hiyo ilisambazwa na nani. Lord George Hill alinunua ardhi Gweedore mwaka 1838, na 1845 akaichapisha kuonyesha hali ilivyokuwa kabla yake. Mwenye shamba anatumia ombi la maskini kujisifu kwamba amewaendeleza! Yeye ndiye aliyepanga upya mashamba yao na baadaye kuwafungia malisho ya mlimani, jambo ambalo wenyeji walilalamika nalo miaka mingi.

#21 Mama Maktaba
Hilo halifanyi hesabu kuwa ya uongo. Linafanya msomaji awe na sababu ya kuzisoma mara mbili.

#22 Komredi Mkweche
Habari za humu. Mnabembeleza sana hizi barua za magoti. Kuna barua za namna nyingine mmezifungia nje. Kati ya 1821 na 1824 kusini, Limerick, Cork, Tipperary na kwingineko, mwenye shamba au anayetaka kuchukua ardhi ya aliyefukuzwa alikuta karatasi mlangoni imetiwa sahihi ya Kapteni Rock, jina la kubuni la waasi wa siri wa vijijini: usilipe zaka, punguza kodi, toka kwenye shamba hilo, la sivyo jeneza lako hili hapa limechorwa. Na usipotii, moto.

Tazameni barua zenyewe zilivyoandikwa. "Mimi Kapteni Rock naamuru", zina vifungu na tarehe kama tangazo la serikali. Fundi ni yuleyule wa #11! Asubuhi anaandika "mwombaji wako mnyenyekevu", usiku anaandika "utakufa". Kwa hiyo swali la uzi limekaa vibaya. Hawakuchagua kuomba badala ya kumalizana na mwenye shamba, walifanya yote mawili. Ombi lilikuwa na uzito kwa sababu kila mtu Kasrini alijua kuna karatasi ya pili. Ndiyo maana polisi wa Peel walianzishwa 1829.

#23 Mama Maktaba
Hoja nzuri, mwaka umekosea. 1829 ni polisi wa London. Ayalandi Peel alianzisha kikosi chake cha kulinda amani 1814 akiwa Katibu Mkuu kule, na 1822 akiwa tayari waziri London likaja jeshi la polisi la kaunti. Ayalandi ilijaribiwa kwanza.

#24 Komredi Mkweche
Inazidi kunisaidia.

#25 Mwalimu Mstaafu
Kwamba ni walimu walewale ni dhana ya mahakimu wa wakati ule, walimtuhumu kila mwalimu wa kichochoroni. Kutuhumiwa si kukutwa na kalamu.

#26 Pweza Mkavu
Samahani mnajadili nini wakati nyaraka zote za Ayalandi ziliungua 1922? Hili linajulikana.

#27 KalamuButu
Mkuu ziliungua za Four Courts, jengo la mahakama lililokuwa na hifadhi ya nyaraka, Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Humo ndimo zilimoteketea karibu zote za sensa za 1821 hadi 1851 zenye majina ya kaya. Majalada ya Katibu Mkuu yalikuwa yamehifadhiwa mnarani ndani ya Kasri, upande wa pili wa mto, yakapona. Tena barua za magoti na za jeneza zimelala pamoja, kwa sababu hakimu akipokea tishio alilipeleka Dublin kama ushahidi. Komredi kwa hilo uko sahihi, karani alizikunja zote kwa mtindo mmoja.

#28 Pweza Mkavu
Sawa. Basi kwa upande wangu nasema waliandika kwa sababu ilifika mahali kuomba kukawa siasa. Daniel O'Connell, mwanasheria Mkatoliki, alianzisha Chama cha Wakatoliki 1823, mwaka uliofuata akaanza mchango wa peni moja kwa mwezi unaokusanywa milango ya makanisa. Maombi yakawa yanatiwa sahihi na parokia nzima kupelekwa bungeni London. Mtu aliyewahi kuweka alama ya X kwa ajili ya Ukombozi wa Wakatoliki, yaani haki yao ya kukaa bungeni, haoni shida kuweka nyingine kwa ajili ya ng'ombe wake.

#29 Binti Pangani
Unachanganya vitu viwili. Ombi la O'Connell lilidai haki mbele ya bunge, magazeti yakaliandika. La mjane lilikwenda kimya kimya kwa mtu mmoja. Halafu malipo ya 1829 mnayajua? Ukombozi ulipopita, wakulima wadogo wa shilingi 40, yaani waliopiga kura kwa kuwa na ardhi ya thamani hiyo kwa mwaka, walewale waliompigia O'Connell kura Clare 1828, walinyang'anywa kura. Kigezo kikapandishwa hadi pauni 10. Waliotia sahihi ndio waliolipa.

#30 Mjukuu wa Tarishi
Hapa ndipo mtu anaweka kalamu chini anachukua kiberiti.

#31 Ngalawa77
Au anachukua meli. Nimesoma kuhusu Peter Robinson: chini ya usimamizi wake serikali ilipeleka watu Kanada ya Juu kutoka kaunti ya Cork na jirani zake. 1823 walikwenda 568 kwa meli mbili, Hebe na Stakesby. Wa kwanza walisitasita. Barua zao zikafika nyumbani kwamba kuna ardhi, na 1825 nafasi zikiwa kama 2,000 waombaji wakazidi 50,000. Mji wa Peterborough, Ontario, umepewa jina lake.

Sasa Mama Maktaba, hao 50,000 nao hawakuwa na pengine pa kwenda, au walikuwa wamepata pa kwenda?

#32 Mama Maktaba
Leo umekuja na akili, nini kimetokea? 😄 Lakini angalia nani alichagua: majina yalipitia kwa wenye ardhi na mahakimu. Mwenye shamba alipenda kuwapunguza wapangaji asiowataka. Tumerudi palepale pa #6.

#33 Chumvi_Kidogo
Kwa upande wetu mfano ninaoujua ni Wameru. Kirilo Japhet mwaka 1952 aliruka mkuu wa wilaya, akaruka gavana, akafika Umoja wa Mataifa New York kulalamikia ardhi. Kuruka ngazi ni dawa ya kale.

#34 KalamuButu
Huo unataka uzi wake mkuu, uanzishe tuje. Humu tubaki Dublin.

#35 Komredi Mkweche
Kabla hamjabaki, mbona wote mnaongea kana kwamba maskini peke yao ndio walioandika? Wakubwa walilalamika kuliko wote! Mwaka 1838, baada ya mauaji Tipperary, mahakimu wa kaunti, yaani wenye mashamba, waliiandikia Kasri wakitaka sheria kali zaidi. Aliyejibu ni naibu katibu Thomas Drummond, Mskoti. Akawaambia kwamba mali ina wajibu wake kama ilivyo na haki zake, na kwamba kupuuza wajibu huo ndiko kulikozaa sehemu kubwa ya maradhi wanayoyalalamikia. Lord Donoughmore aliyepokea jibu hilo hakuharakisha kuwasomea wenzake.

#36 Mjukuu wa Tarishi
Yaani na wao walirudishiwa barua na kalamu nyekundu. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

#37 Mwalimu Mstaafu
Msifurahi sana. Drummond aliingia Kasrini 1835, akafariki 1840. Kabla yake William Gregory alikaa kwenye kiti hichohicho tangu 1812 kwa karibu miaka 20, Makatibu Wakuu wakija na kuondoka, na huyo alikuwa rafiki wa wenye mashamba. Barua nyingi za KalamuButu zilipita mezani kwa Gregory.

#38 KalamuButu
Ndiyo, na zilizidi kuja kila wiki. Bado hamjanijibu kwa nini.

#39 Ngalawa77
Nimeshakujibu #16, ilikuwa bure.